Mwandishi Asiyetunga Sentensi: Kumwelewa Anna Deavere Smith na Tamthilia ya Mtu Mmoja

Ukitaja neno tamthilia katika nyumba nyingi za Dar es Salaam siku hizi, wa kwanza kukusikia atadhani unazungumzia mfululizo wa runinga uliotafsiriwa kutoka Kituruki, ule ambao saa yake ikifika hata mboga jikoni inaweza kuungua. Ukitaja onyesho la mtu mmoja, atadhani unamsema mchekeshaji aliyeshika kipaza sauti, au yule kijana wa mtandaoni anayejifunga kanga kichwani akawa mama, akavaa kofia akawa baba, kisha akachuchumaa akawa mtoto anayesubiri viboko. Mwenye picha hizo mbili akilini atapata taabu kidogo akikutana na habari za Mmarekani Anna Deavere Smith.

Wengi wanamfahamu kwa sura bila kumjua. Katika Nurse Jackie alikuwa Gloria Akalitus, yule msimamizi mkali wa hospitali; katika The West Wing alikuwa mshauri wa rais wa usalama wa taifa; katika black-ish alikuwa mama mkwe mwenye mawazo ya kihipi. Kisha mtu huyo huyo anatajwa kuwa mwandishi wa tamthilia, tena miongoni mwa wanaoheshimiwa sana nchini mwake, na papo hapo inaelezwa kwamba katika tamthilia zilizompa jina hakutunga maneno yanayosemwa na wahusika. Msomaji ana haki ya kuuliza: je, huyu ni mwigizaji, ni mwandishi, ni mwanahabari, au ni mwigaji wa sauti za watu? Na ikiwa maneno si yake, alichokiandika ni kipi?

Tuanze na istilahi, kwa maana nusu ya utata imo humo. Tamthilia, kwa maana ya fasihi, ni utungo uliokusudiwa kuigizwa mbele ya hadhira, na utungo huo unabaki kuwa tamthilia hata kabla haujapanda jukwaani. Tamthilia ya mtu mmoja ni ile ambayo mwigizaji mmoja anaibeba yote tangu mwanzo hadi mwisho. Ndani ya ukoo huo wamo ndugu wasiofanana. Yumo mchekeshaji, ambaye mkataba wake na hadhira ni kicheko. Yumo msimulizi wa maisha yake mwenyewe, kama marehemu Spalding Gray, Mmarekani aliyekuwa akiketi nyuma ya meza yenye glasi ya maji na daftari, akasimulia yaliyomkuta. Halafu yumo mwigizaji anayewavaa watu wengine, mmoja baada ya mwingine. Smith ni wa kundi hili la tatu, lakini amejiwekea sharti zito: kila anayemwigiza ni mtu halisi aliyemhoji yeye mwenyewe, na kila neno analolitamka ni neno ambalo mtu huyo alilisema. Aina hii ya kazi tunaweza kuiita tamthilia ya maneno halisi.

Anayetaka kuona upekee wa sharti hilo aikumbuke Hansard, ile taarifa rasmi ya majadiliano ya Bunge. Mbunge husimama, akasitasita, akarudia neno mara tatu, akaanza sentensi na kuitelekeza njiani, akasema "yaani" mara kumi. Hansard inapotoka, hotuba imenyooka, na mengi ya makandokando hayo yamefagiliwa. Mwandishi wa habari naye hufanya vivyo hivyo anapomnukuu mtu, na hakuna anayemlaumu, kwa kuwa kinachotafutwa ni hoja. Smith anakwenda kinyume kabisa. Yeye anayatunza yale yanayofagiliwa: kusita, kurudia, kicheko kisicho na sababu, sentensi iliyokatika, pumzi iliyovutwa kabla ya neno gumu. Kwake hizo ndizo punje, na hoja iliyonyooshwa huenda ikawa ndiyo pumba.

Kutoka Baltimore hadi kwa Malkia Margaret

Alizaliwa Baltimore, jimbo la Maryland, tarehe 18 Septemba 1950, kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyepanda hadi kuwa mwalimu mkuu. Baltimore ya utoto wake ilikuwa na mipaka ya rangi iliyojulikana na kila mtu, na mara nyingi ameeleza kwamba hamu yake ya kuwajua watu wa upande wa pili ilianzia hapo. Kutoka nyumbani alichukua pia usemi wa babu yake, anaourudia karibu kila anapohojiwa: ukilisema neno mara nyingi vya kutosha, neno hilo linakuwa wewe.

Alimaliza chuo mwaka 1971, kisha akaelekea San Francisco, ambako alisomea uigizaji katika American Conservatory Theater. Huko ndiko yalikomkuta mambo mawili ambayo bila hayo tusingekuwa na la kueleza.

La kwanza ni zoezi. Wanafunzi waliambiwa wachague mistari 14 ya Shakespeare, wakairudie tena na tena hadi kitu fulani kitokee. Yeye aliangukia kwa Malkia Margaret katika Richard III, pale mama huyo aliyefiwa anapomwambia mama yake Richard kwamba tumbo lake ni banda lililotoa mbwa wa jehanamu. Alirudia maneno hayo usiku kucha, na anasimulia kwamba hatimaye alimwona Malkia Margaret. Tukiweka kando kama aliona au alidhani ameona, alichojifunza ni kile kile alichoambiwa na babu: neno likirudiwa kwa mdomo na pumzi, linamleta mwenye neno.

La pili linahitaji maelezo kidogo, na msomaji wa mashairi ya Kiswahili ana bahati hapa. Mstari wa kawaida wa Shakespeare una silabi 10, zilizopangwa mbili mbili, ya kwanza nyepesi na ya pili nzito, mfano wa mapigo ya moyo. Sisi mizani zetu tunazihesabu kwa idadi bila kujali mkazo, lakini sikio linalofanya kazi ni lile lile: linazoea mpangilio na kushtuka unapovunjika. Kwetu shairi lililovunja mpangilio tunaliita guni, na malenga wa zamani hawakuwa na huruma nalo. Mwalimu wake Smith wa Shakespeare alimfundisha kinyume chake, kwamba pale mkazo unapogeuka, uzito ukatangulia na wepesi ukafuata, ndipo moyo wa mhusika unapoonekana umeyumba. Mfano aliopewa ni wa Mfalme Lear akiwa amempakata binti yake aliyekufa, anaporudia mara tano neno lenye maana ya kamwe. Mstari mzima umepinduka, hakuna pigo hata moja lililokaa mahali pake. (Kwa sadfa, hata "kamwe" ya Kiswahili huanza na mkazo, kwa hiyo anayeusoma mstari huo kwa lugha yetu anapata mtikisiko ule ule: kamwe, kamwe, kamwe, kamwe, kamwe.)

Smith akajiuliza swali ambalo ndilo limekuwa ajira yake kwa zaidi ya miaka 40: kama wahusika wa Shakespeare hujidhihirisha pale mpangilio wa maneno unapovunjika, je, watu wa kawaida nao hawajidhihirishi pale usemi wao unapokuwa guni?

Maswali matatu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mwalimu wa uigizaji mwenye kinasa sauti. Aliwasimamisha watu mitaani New York na kuwapa ofa ya ajabu: namfahamu mwigizaji anayefanana na wewe, ukinipa saa moja ya muda wako, nitakualika uje ujione ukiigizwa. Kazi hiyo aliipa jina la On the Road: A Search for American Character, maana yake msako wa hulka ya Marekani, na tamthilia zake za baadaye ni matawi ya mti huo mmoja.

Tatizo lilikuwa kwamba watu wakihojiwa huzungumza kama wanaohojiwa. Kila mmoja ana hotuba yake ya mfukoni, imekunjwa vizuri, tayari kutolewa. Unawezaje kumfanya mtu aiache? Katika hafla moja alikutana na mtaalamu wa isimu, akamweleza shida yake, na mtaalamu huyo akampa maswali matatu yanayovunja mpangilio wa usemi wa mtu. Umewahi kukaribia kufa? Unayajua mazingira ya kuzaliwa kwako? Umewahi kushutumiwa kwa jambo ambalo hukulifanya? Alizunguka nayo kwa muda mrefu, na baadaye hakuyahitaji tena kwa namna ile ile, kwa sababu sikio lilikwisha kujua kusubiri. Swali la pili tuliweke akiba, litarudi.

Redio, nywele na mguu

Tarehe 19 Agosti 1991, katika mtaa wa Crown Heights, Brooklyn, gari moja katika msafara wa kiongozi wa kidini wa Lubavitch, madhehebu ya Wayahudi washika dini, lilipoteza mwelekeo likapanda kando ya barabara. Lilimgonga na kumuua Gavin Cato, mtoto mweusi wa miaka 7, ambaye wazazi wake walitoka Guyana, na kumjeruhi binamu yake. Uvumi ulienea kwamba gari la wagonjwa la Wayahudi lilimwondoa dereva na kuwaacha watoto chini. Ukweli uliothibitishwa baadaye ni kwamba polisi ndio waliowaamuru wahudumu wamwondoe dereva upesi, kwa kuhofia umati. Saa chache baadaye kundi la vijana weusi lilimzingira Yankel Rosenbaum, Myahudi wa miaka 29, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Australia, akachomwa kisu na kufa. Mtaa ukawaka kwa siku tatu.

Smith alikwenda huko na kinasa sauti chake. Mwaka 1992, katika Public Theater ya New York, alipanda jukwaani peke yake na kazi aliyoiita Fires in the Mirror. Alivaa shati jeupe na suruali nyeusi, miguu pekupeku, na maleba yake yote yalikuwa vitu vidogo vya kuvaa na kuvua, kofia hapa, miwani pale. Katika muda wa kama saa moja na nusu hadhira iliwaona watu 26: Wayahudi na weusi, wanaume na wanawake, marabi, wanaharakati, akina mama wa nyumbani, vijana wa mtaani.

Mtu aliyeambiwa kwamba hii ni tamthilia ya ghasia za rangi hutarajia mayowe tangu dakika ya kwanza. Badala yake, mapema kabisa anatokea mwanamke Myahudi, jina lake halitajwi, akisimulia habari ya redio. Ilikuwa Sabato, siku ambayo sheria ya dini yao inawakataza kuwasha wala kuzima chombo cha umeme. Mtoto mchanga akaifikia redio akaiwasha, ikawa inapiga kelele nyumba nzima na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Mama huyo akatoka nje, akamwita mtoto mweusi aliyekuwa akipita, akamwelezea kwa kuzungukazunguka, kwani hata kumwomba waziwazi ni tatizo. Mtoto akaingia, akaitazama redio, akabonyeza kitufe, ikanyamaza. Mama anacheka akisema kwamba bila shaka kijana yule aliondoka akiwaza: nao wanasema Wayahudi wana akili, kumbe hawajui hata kuzima redio.

Hadhira inacheka naye. Lakini katika kisa hicho kidogo umo mtaa mzima: watu wanaoishi ukuta kwa ukuta, mmoja anaweza kumwingiza mwenzake nyumbani kwa dakika moja, na bado hakuna anayemweleza mwenzake anachokifanya na kwa nini anakifanya. Zinapofika habari za kifo, msikilizaji amekwisha kuuonja umbali ule bila kuhubiriwa. Ni hivyo hivyo kwa mchungaji Al Sharpton, mwanaharakati aliyejulikana kwa maandamano. Smith anamweka jukwaani akieleza kwa nini ananyoosha nywele zake: ni ahadi aliyompa mwanamuziki James Brown, aliyemlea kama mwanawe, wala haihusiani hata kidogo na kutaka kufanana na wazungu. Mwanahabari angekata kipande hicho kwanza kabisa. Smith anakiacha, kwa kuwa mtu anayejitetea kuhusu nywele zake yuko karibu nasi kuliko mtu anayetoa tamko.

Anayefunga onyesho ni Carmel Cato, baba yake Gavin. Anazungumza kwa lafudhi ya Guyana, anaeleza alivyomwona mwanawe chini, alivyotapatapa. Kisha ghafla anaingia njia nyingine. Anasema yeye ni mtu wa pekee, kwa kuwa alizaliwa akitanguliza mguu. Mtoto anapokuja hivyo, anasema, ama mama anapasuliwa, ama mtoto anakufa, na yeye alitoka hai. Hakuna awezaye kumshinda. Hapa ndipo tunapolichukua lile swali la akiba, unayajua mazingira ya kuzaliwa kwako. Iwe aliulizwa au hakuulizwa, baba aliyepoteza mtoto amerudi mwenyewe hadi kwenye kuzaliwa kwake kutafuta nguvu ya kusimama. Sentensi zake zimekatika, sarufi imelegea, na hakuna mtunzi ambaye angethubutu kumbunia maneno hayo.

Los Angeles, na swali la mwandishi ni nani

Wakati huo, upande wa pili wa nchi, Los Angeles ilikuwa na jeraha lake. Machi 1991 polisi walirekodiwa kwa kamera ya mkononi wakimpiga dereva mweusi Rodney King. Tarehe 29 Aprili 1992 mahakama haikumtia hatiani hata askari mmoja kati ya wanne kwa kosa la kumshambulia, na jiji likalipuka: zaidi ya watu 50 walikufa, na mali zilizoteketea, nyingi zikiwa maduka ya Wakorea, zilikisiwa kufikia dola bilioni moja. Jumba la Mark Taper Forum lilimwalika Smith. Alihoji watu wapatao 300, na mwaka 1993 akatoa Twilight: Los Angeles, 1992.

Tukitazame kipande kimoja tu. Mwanamke mwenye asili ya Panama, mjamzito, anapigwa risasi katikati ya ghasia. Anasimulia kwa utulivu unaotisha jinsi alivyotembea, jinsi alivyofikishwa hospitali, jinsi mtoto alivyotolewa kwa upasuaji, na jinsi risasi ilivyokutwa imekwama kwenye kiwiko cha mtoto huyo wa kike, ambaye anaishi. Onyesho halihitaji muziki wa huzuni hapo. Linahitaji mtu wa kukaa kimya na kuzisema sentensi hizo kwa mwendo wake yule mama.

Ni Twilight iliyozua mzozo mkubwa wa uandishi. Fires in the Mirror ilikuwa imefika fainali ya Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia mwaka 1993, lakini Twilight iliondolewa katika kinyang'anyiro hicho, kwa hoja kwamba lugha yake haikubuniwa, imeokotwa katika mahojiano. Wakati huo huo waandaaji wa Tuzo za Tony, tuzo kubwa za maigizo ya jukwaani Marekani, waliiteua katika kundi la tamthilia bora, na Smith akateuliwa tena kama mwigizaji bora wa kike. Wataalamu wale wale wa nchi ile ile, kazi ile ile, majibu mawili. Msomaji aliyechanganyikiwa asijione mjinga.

Mimi nina upande katika mzozo huu, na mfano wangu ni wa video ya harusi. Mpigapicha anaingia nyumbani kwa bibi harusi asubuhi na kuondoka ukumbini usiku wa manane akiwa na saa nyingi za picha. Familia inapokea diski ya saa mbili. Hakuna machozi yaliyobuniwa, hakuna ngoma iliyoongezwa. Lakini shangazi akilia kabla ya keki, ni kilio cha kuagana. Akilia mara baada ya hotuba ya upande wa bwana harusi, ni kilio kingine kabisa, na ukoo unaweza kuacha kusalimiana. Aliyeamua kilio kikae wapi ametunga jambo. Smith huanza na mamia ya saa za sauti na kumaliza na jioni moja. Anachagua watu 20 au 25 kati ya mamia, dakika 3 au 4 kati ya saa nzima ya kila mmoja, na anaamua nani amfuate nani. Juu ya hayo, anayachapa maneno kwa mistari mifupi kama ya shairi huru, akikata mstari pale pumzi ilipokatika. Fungua kitabu chochote chake na utadhani umeshika diwani. Kama huko si kuandika, basi tutafute neno jingine kwa mtu anayeshona nguo eti kwa kuwa kitambaa hakukifuma.

Ila hoja hiyo ina upande wa pili ambao mashabiki wake huusahau. Baadhi ya watu hudhani kwamba kwa kuwa maneno ni halisi, tamthilia haina upande. Mfano wa shangazi unatosha kuonyesha kwamba si kweli. Smith mwenyewe alilijua hilo, na alipotengeneza Twilight hakujifungia peke yake: alikuwa na mwongozaji Emily Mann, na washauri wanne wa utungo waliochaguliwa makusudi watofautiane, yaani mwanaanthropolojia Dorinne Kondo, Mmarekani mwenye asili ya Japani, mwandishi wa habari Héctor Tobar, ambaye wazazi wake wametoka Guatemala, mshairi mweusi Elizabeth Alexander, na Oskar Eustis, mwongozaji mzungu. Walibishana vikali kuhusu nani aingie na nani aachwe, hasa suala la kuliacha jiji lionekane la weusi na weupe peke yao ilhali Wakorea na Walatino walikuwa katikati ya moto. Kwa hiyo hata "mtu mmoja" wa tamthilia ya mtu mmoja ni hesabu ya anayeonekana jukwaani tu.

Anaiga?

Swali hili huulizwa kuliko yote, kwa kuwa wengi wetu tumezoea wale wanaoiga sauti za marais. Mwigaji wa aina hiyo hukuza: anachukua kikohozi, au namna ya kuvuta neno, anakifanya kikubwa hadi tunamtambua mhusika papo hapo na kucheka. Kazi yake imefaulu pale tunaposema "ni yeye kabisa". Smith hawezi kuambiwa hivyo hata akitaka. Ni mwanamke mweusi anayemwigiza rabi mwenye ndevu, askari polisi mzungu, muuza duka mzee wa Kikorea. Hakuna atakayedanganyika, na hatafuti wa kumdanganya. Ameeleza kwamba kinachomvutia ni ile nafasi inayobaki wazi kati yake na mtu anayemwendea, safari ya kutoka kwa nafsi yake hadi kwa mwingine. Hadhira inaona safari yote, pamoja na sehemu ambayo mwigizaji hakufika. Katika jamii ambayo watu wa mtaa mmoja hawakuwahi kujaribu hata kuianza safari hiyo, kuitazama kuna uzito wake.

Kazi zilizofuata tuzipitie kwa haraka. Mwaka 1996 alipata ufadhili wa MacArthur, ule ambao magazeti huuita tuzo ya vipaji vya pekee. Alifundisha Stanford, kisha New York University. House Arrest, iliyohusu marais wa Marekani na vyombo vya habari, haikupokelewa kwa shangwe kama zile mbili, na mimi sishangai: wanasiasa na wanahabari ni watu wenye hotuba za mfukoni zilizokunjwa vizuri mno. Nishani ya taifa ya taaluma za binadamu, ya mwaka 2012, alivishwa na Rais Obama mwezi Julai 2013.

Let Me Down Easy, iliyofika New York mwaka 2009 wakati Wamarekani wakigombana juu ya bima ya afya, ilihusu mwili, ugonjwa na kifo, na katika utafiti wake Smith alisafiri hadi Rwanda, Uganda na Afrika Kusini. Katika jioni hiyo hadhira inamsikia daktari wa hospitali ya umma ya New Orleans aliyebaki na wagonjwa baada ya kimbunga Katrina, akitambua polepole kwamba hakuna anayekuja kuwaokoa. Na inamsikia msimamizi wa kituo cha yatima cha Johannesburg akieleza namna ya kukaa na mtoto anayekufa, kwamba usimwache gizani. Notes from the Field, ya mwaka 2016, ambayo kituo cha runinga cha HBO kiliionyesha kama filamu mwaka 2018, ilitokana na mahojiano na watu wapatao 250 kuhusu njia inayowatoa watoto maskini darasani na kuwafikisha gerezani. Kwa kazi hiyo alirudi pia Baltimore, mji wa utoto wake, baada ya kifo cha kijana mweusi Freddie Gray mikononi mwa polisi mwaka 2015.

Imebaki dhana moja, kwamba tamthilia hizi zitakufa naye, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewasikia wale watu. Hata katika mzozo wa Pulitzer jambo hilo lilikuwa limenong'onwa: kazi isiyoweza kuigizwa na mwingine ni tamthilia gani? Mwaka 2021 Signature Theatre ya New York iliirudisha Twilight, na Smith aliipanga upya kwa waigizaji watano. Miaka miwili kabla ya hapo, jumba hilo hilo lilikuwa limeirudisha Fires in the Mirror, chini ya mwongozaji Saheem Ali, aliyezaliwa na kukulia Nairobi. Mwigizaji alikuwa mmoja, Michael Benjamin Washington, mwanaume, aliyeyapokea maneno kutoka kwenye kitabu chenye mistari iliyokatwa kwa kufuata pumzi. Alianza na maneno ya wanawake, akapita kwa marabi na vijana wa mtaani, akaizima redio ya Sabato, na mwishoni akasimama mahali pa baba kutoka Guyana, akasema kwamba alizaliwa akitanguliza mguu.